Picha za simu yako zisipotee: mwongozo wa kuzibakapu, na kwa nini klaudi peke yake usiitegemee

Nimeamua kuiandika hii mara moja nimalize, maana nimechoka kujibu swali lile lile kila siku. Mimi nina kibanda cha steshonari hapa Ngamiani, Tanga, napiga picha za pasipoti saizi, naprinti, naskani vyeti, na pembeni nasaidia watu mambo ya simu na kompyuta. Haipiti wiki hajaja mtu na simu imekufa kioo au imeingia maji, anailaza mezani kama mgonjwa, "kaka, picha zangu nitazipata?" Namuuliza ulizitunza wapi pengine, anajibu "si zipo Google". Tunafungua, hazipo. Au zipo lakini mwisho 2021, baada ya hapo kimya.

Kuna mama mmoja wa Pongwe alikuja, simu yake ilidumbukia kwenye beseni la nguo, na kabla ya kufika kwangu alishapita kwa fundi, akaiflashi, yaani akaiwekea mfumo upya, ikawaka vizuri tu ila tupu. Ndani kulikuwa na picha za marehemu mumewe. "Mwanangu, hata ile moja tu ya Idd, aliyovaa kanzu." Tukampigia binti yake aliyeko Dar, kumbe anayo, mama alishawahi kumtumia kwa WhatsApp. Ikaja. Fremu mama alishanunua, ile kubwa ya A4, kaibana kwapani. Nikaikuza picha kwenye skrini, uso ukawa vyumba vyumba kama mkeka, macho huyaoni, maana WhatsApp inabana picha wakati wa kutuma. Tukaishia kuiprinti saizi ya postikadi, fremu akarudi nayo vile vile.

Kwa hiyo soma, tenga jioni moja, fanya. Sitakuchosha na nadharia.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye chaji ya kutosha, na tokeni za LUKU ziwepo, usije ukakatikiwa katikati ya kukopi.
- Waya wa simu unaopitisha data. Zingatia hapa, zile waya za bei ya kutupa nyingi zinachaji tu, ukichomeka kwenye kompyuta haionekani kitu na unaanza kulaumu simu.
- Kompyuta au laptopu, hata ya kuazima kwa mtu unayemwamini. Kama huna kabisa, tafuta kile kichwa kidogo cha OTG cha kuchomekea fleshi kwenye simu.
- Diski ya nje, ile tunayoita eksteno, ya GB 500 au TB 1. Mfuko haujaruhusu? Fleshi mbili za kampuni inayojulikana, mbili nasema, siyo moja.
- Imeili na paswedi yako unayoijua wewe, siyo anayoijua kijana aliyekufungulia akaunti siku unanunua simu.
- Daftari na kalamu. Usicheke, utaona kazi yake.

Ujue pia una mzigo kiasi gani. Picha moja ya simu za siku hizi ni kama MB 3 hadi 5, kwa hiyo ukiwa na picha 3,000 piga mara 4 unapata GB 12 hivi. Video ndiyo mlaji, dakika moja tu inaweza kufika MB 100 na kupita. Harusi moja uliyorekodi kuanzia kesha la mkole mpaka bi harusi anatolewa nje, hiyo peke yake inaweza kushinda picha zako zote za mwaka.

Kwanza tuelewane kuhusu klaudi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Klaudi, yaani kutunza picha kwa intaneti kwenye kompyuta za kampuni kama Google, ni chumba cha kupanga. Kizuri, kina ulinzi, lakini mwenye nyumba ana ufunguo wake, ana masharti yake na anaweza kuyabadilisha. Google Photos ilipoanza 2015 ilikuwa unaweka picha bure bila kikomo, zikipunguzwa ubora kidogo. Tarehe 1 Juni 2021 ikaisha. Tangu hapo una GB 15 za bure, na hizo unagawana kati ya picha, imeili na Drive, na siku hizi mpaka bakapu ya WhatsApp kwenye Android inakula humo humo. iCloud ya iPhone ndiyo kabisa, GB 5. Zikijaa, picha mpya zinaacha kupanda, simu inakupa kaujumbe kadogo unakafuta unaendelea kuangalia mpira, mwaka unapita. Ndiyo maana ya ile "mwisho 2021" niliyosema juu.

La pili, na hili ndilo linaliza watu wengi kuliko yote: picha iliyo kwenye simu na ile iliyo klaudi zimefungwa kamba moja. Ukiifuta ndani ya Google Photos au kwenye iPhone yenye iCloud, inafutika kote. Mtu anaona simu imejaa, anasema ngoja nifute hapa kule zipo, anafuta elfu mbili kwa mpigo, baada ya miezi mitatu anazitafuta. Kule hazipo, umezifuta wewe mwenyewe. Kuna kitufe maalumu ndani ya Google Photos cha kuachia nafasi kwenye simu bila kugusa za klaudi, hicho ni halali, ila ukishakibonyeza ujue sasa picha zako zimebaki sehemu moja tu duniani, na sehemu hiyo siyo kwako.

La tatu ni akaunti kufungwa. Google wana utaratibu kwamba akaunti binafsi isiyotumika miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, ufutaji huo ulianza Desemba 2023. Na wakati mwingine wanafunga kwa makosa kabisa. Marekani kule San Francisco, 2021, baba mmoja alipiga picha ya mtoto wake mdogo aliyekuwa anaumwa ili daktari aione, mitambo ikaisoma kama picha chafu, akafungiwa kila kitu, imeili, namba, picha zote. Polisi wakachunguza wakaona hana kosa. Akaunti hawakumrudishia.

Kampuni nazo zinabadilika au zinaondoka. Flickr, tovuti ya kutunzia picha, mwaka 2019 walianza kuwabana wateja wa bure wabaki na picha 1,000 tu. MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, mwaka huo huo walikiri kupoteza nyimbo, picha na video za miaka na miaka wakati wa kuhamisha mitambo. Na hiyo mitambo ni majumba yenye kompyuta, yanaungua kama duka lolote: Machi 2021 jengo la kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na waliokuwa hawana kopi pengine waliondoka mikono mitupu.

Intaneti yenyewe je? Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima tulikaa tunaangalia kile kiduara kinazunguka. Oktoba 2025 nayo unaikumbuka, intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi. Picha zikiwa klaudi tu, siku kama hizo huna picha.

Mimi mwenyewe yameshanikuta, sijisifu. Nilikuwa na akaunti kwenye huduma moja ya klaudi, picha za mtoto wangu wa kwanza tangu amezaliwa mpaka anatambaa zote humo. Nikabadili simu, paswedi nikasahau, wakaniambia tunakutumia namba ya kuthibitisha kwenye laini yako. Laini gani? Ile niliyoitupa zamani. Laini ukiiacha muda mrefu bila kuitumia inafungwa na namba anapewa mtu mwingine. Nikaipiga ile namba, akapokea dada mmoja yuko Mwanza, nikamweleza kwa upole, dada yangu utapata ujumbe una tarakimu sita naomba unisomee. Akanitukana akakata. Na alikuwa sahihi kabisa, mimi ndiye nawafundisha watu kila siku wasimsomee mtu namba hizo. Picha ndiyo zilikwenda hivyo.

Sasa sisemi uiache klaudi. Mwizi akibeba simu na eksteno kwa pamoja, klaudi ndiyo itakuokoa. Ninachosema iwe ya tatu, isiwe ya kwanza na ya mwisho. Wapiga picha wana hesabu yao ya 3-2-1, aliyeieneza ni Mmarekani Peter Krogh: kopi tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Tunaifuata hiyo.

Hatua zenyewe

1. Kusanya. Picha hazikai sehemu moja. Za kamera ziko kwenye folda inaitwa DCIM, ndani yake Camera. Za WhatsApp kwenye Android zimejificha: Android, halafu media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, humo ndiyo utakuta WhatsApp Images na WhatsApp Video. Watu wengi wanakopi DCIM wanaondoka, kumbe picha zote za familia alitumiwa, hakupiga yeye. Angalia pia memori kadi, na ile simu ya zamani iliyolala kwenye droo la kabati, ichaji uone kama inawaka.

2. Futa takataka, lakini nusu saa tu. Maua ya "asubuhi njema", skrinshoti za miamala, video za kuchekesha za magrupu. Usianze kuchagua picha nzuri na mbaya, utakesha, na utaanza kusoma mameseji ya zamani. Ukiwa na shaka iache.

3. Pima fleshi kabla hujaiamini. Hizi fleshi zinazouzwa kwa kutandazwa chini zimeandikwa TB 2 kwa elfu kumi na tano, mwanangu hizo ndiyo waja leo waondoka leo. Ndani ina GB 8 au 16, imedanganywa ionekane kubwa. Ubaya wake haikatai, inapokea picha zote inasema nimemaliza, ukija kufungua za mwanzo zinafunguka za mbele ni majina tu. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza fleshi yote halafu inasoma kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Fleshi kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa, iache ifanye. Fanya hivi ikiwa bado mpya na tupu, na risiti unayo.

4. Kopi. Usikate. Chomeka simu kwenye kompyuta, shusha ile pazia ya juu kwenye simu, utaona ujumbe wa USB, bonyeza chagua kuhamisha faili (ikiwa kwenye kuchaji tu kompyuta haioni kitu). Kwenye iPhone itakuuliza kama unaiamini kompyuta hii, kubali na uweke paswedi. Halafu fungua folda, chagua, kopi, nenda kwenye eksteno, pesti.

Onyo: usitumie kata na pesti. Waya ukichezewa au umeme ukikatika katikati, kuna faili zitakuwa hazipo huku wala kule. Kukopi ukikatikiwa unarudia tu. Na usikopi 8,000 kwa mara moja, simu nyingi zinagoma njiani, piga mafungu ya 500 au 1,000.

Wa OTG ni hivyo hivyo, unachomeka fleshi kwenye simu, unafungua programu ya faili iliyomo kwenye simu, unakopi. Polepole zaidi lakini inafika.

5. Zipe majina ya kueleweka. Folda ya mwaka, ndani folda ya mwezi na tukio: 2024-06 Idd Muheza, 2024-12 harusi ya Zai. Ukianza na mwaka halafu mwezi kwa tarakimu, kompyuta inajipangia yenyewe. Usihangaike kubadilisha jina la kila picha.

6. Hakikisha. Hatua hii ndiyo inayorukwa na kila mtu. Bonyeza folda ya kwenye simu kitufe cha kulia cha mausi, angalia idadi ya faili na ukubwa, fanya hivyo kwa ile ya eksteno, lazima zilingane. Halafu toa eksteno kwa utaratibu ule wa kuitoa salama, ichomeke upya, fungua picha kumi: za mwanzo, za katikati, za mwisho. Video angalau mbili uziburute mpaka mwisho. Ni dakika tano. Mpaka hapo usifute chochote kwenye simu.

7. Kopi ya pili, ikae nyumba nyingine. Rudia kwenye fleshi au eksteno nyingine, halafu ipeleke kwa mtu. Shangazi Muheza, kaka Korogwe, ofisini kwako, popote ambapo moto au mwizi wa kwako hafiki. Kama kuna picha hutaki shangazi azione basi funga eksteno kwa paswedi, VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi hiyo, ila paswedi ukiisahau hakuna fundi wa kukufungulia, si mimi si mwingine.

Utunzaji: sisi tunaokaa pwani tuna adui wetu. Huu upepo wa chumvi, kama unakaa Sahare au Raskazone unajua mwenyewe misumari na bawaba zinavyoliwa, na vichwa vya fleshi vinaliwa vile vile. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka humo eksteno pamoja na vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu, vinanyonya unyevu. Usiweke juu ya friji, wala juu ya spika. Eksteno ya diski inayozunguka usiinyanyue wala kuisogeza ikiwa inafanya kazi, ikidondoka ikiwa inazunguka ndiyo basi. Zile za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka ndani, zinavumilia kudondoka lakini nazo hazipendi kukaa miaka bila umeme, kwa hiyo aina yoyote uliyonayo ichomeke angalau mara mbili kwa mwaka.

8. Sasa ndiyo klaudi. Washa bakapu kwenye Google Photos au iCloud, na ufanye yafuatayo:

Weka ipande kwa waifai tu, la sivyo bando la wiki linaisha kabla ya adhuhuri. Huna waifai nyumbani, chagua albamu chache muhimu, usipandishe yote.

Kwenye ubora wa Google Photos kuna mbili, halisi na ya kubana nafasi. Ya kubana inashusha picha kubwa mpaka megapikseli 16 na video mpaka 1080p. Kwa mtu wa kawaida inatosha, maana halisi unayo kwenye eksteno.

Folda ya WhatsApp haiingii kwenye bakapu ya picha mpaka uiwashe mwenyewe kwenye orodha ya folda za simu. Na ile folda ya siri yenye kufuli ndani ya Google Photos, picha za humo hazipandi klaudi mpaka uwashe, ukiifuta programu au simu ikirudishwa kiwandani zinaondoka nazo.

Washa uthibitisho wa hatua mbili. Google watakupa namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja. Hapo ndipo daftari linafanya kazi. Ziandike kwa kalamu, daftari likae na vyeti vya nyumbani. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyo hiyo, utakuwa umefungia ufunguo ndani. Halafu hakiki namba ya simu na imeili ya kurejeshea akaunti kama bado ni zako, ukibadili laini leo nenda kabadili na huko leo, unikumbuke mimi na dada wa Mwanza.

Na akikutumia mtu ujumbe "akaunti yako inafungwa, bonyeza hapa uingize paswedi", usibonyeze. Wale mastaa wa Marekani ambao picha zao zilivuja 2014, wengi walinaswa kwa imeili za aina hiyo, hakuna aliyevunja mtambo.

9. Rudia. Jumapili ya mwisho wa mwezi, za mwezi huo tu. Dakika ishirini. Ile iliyo kwa shangazi ibadilishe mkienda Idd au Krismasi.

Yakikwama

*Kompyuta haioni simu.* Badili waya kwanza, halafu tundu la USB, halafu rudi kwenye hatua ya 4 uone kama umechagua kuhamisha faili. Fungua loki ya simu pia, ikiwa imefungwa haionyeshi kitu.

*Fleshi inakataa video moja inasema ni kubwa wakati nafasi ipo.* Fleshi iko kwenye FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, hiyo haipokei faili moja inayozidi GB 4. Inabidi uifomati iwe exFAT. Kufomati kunafuta vyote vilivyomo kwa hiyo hamisha kwanza. Eksteno zenye NTFS nazo simu nyingi haziisomi, exFAT ndiyo inaelewana na wengi.

*Nilichomeka fleshi mahali, sasa folda zote zimegeuka shotikati.* Kirusi, na mara nyingi ni huku kwetu kwenye steshonari, nakiri. Usibonyeze hizo shotikati. Picha zipo, zimefichwa tu. Kwenye Windows ambayo ina antivairasi fungua dirisha la amri, kama fleshi ni F andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ubonyeze Enter, usubiri, folda zitatokea. Zikopi, uiskani, halafu fomati. Ndiyo maana nasema fleshi ya bakapu isiwe ile ile unayobebea CV ya kuprinti.

*Picha za iPhone hazifunguki kwenye kompyuta.* Ni HEIC, muundo wa picha unaotumiwa na iPhone. Hazijaharibika. Weka programu ya kuzisoma, au kwenye setingi za kamera chagua muundo unaokubalika kote ili za mbele ziwe JPEG.

*Nimefuta kwa bahati mbaya.* Nenda kwenye tupio haraka. Google Photos iliyobakapiwa inakaa humo siku 60, ambayo haikubakapiwa siku 30, iPhone siku 30. Hazipo tupioni na zilikuwa kwenye memori kadi? Itoe kadi, usipige picha nyingine, na ilete kwa mtu mwenye programu ya kurejesha. Kadiri unavyoendelea kuitumia ndivyo picha mpya zinavyokalia nafasi ya zile zilizofutwa.

*Nataka kushusha zote kutoka Google.* Nenda takeout.google.com kwa kompyuta, chagua Google Photos tu, watakuandalia mafurushi na kukutumia kiungo kwa imeili. Kiungo kinakufa baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo usiombe wakati huna bando la kushushia. Ukifungua utakuta kila picha ina kafaili kengine pembeni kanakoishia na json, humo ndimo kuna tarehe na mahali, usizifute.

*Eksteno inagonga tik tik tik.* Chomoa sasa hivi. Usiijaribu mara ya pili na ya tatu ukitegemea itaamka, kila ukiiwasha inajikwaruza zaidi.

*Simu imekufa kioo au imeingia maji.* Mwambie fundi kabla hajaigusa, tena kwa sauti: usiflashi, nataka data. Simu za siku hizi zinafunga data kwa siri na ufunguo uko humo humo ndani ya simu, ukiflashi ufunguo unafutika, hata ukitoa chipu ukaipeleka popote utapata vurugu tupu. Kama kioo tu ndiyo kimekufa na simu inaita, abadili kioo au aazime cha kuwekea dakika kumi, uingize paswedi, ukopi, ndipo mpatane bei ya matengenezo. Simu nyingine zinakubali mausi kwa OTG kama kugusa tu ndiko kumekufa na picha inaonekana. Iliyoingia maji zima, usiichaji, usiiweke kwenye mchele, ipeleke ifunguliwe siku hiyo hiyo, hasa yakiwa maji ya bahari, chumvi haisubiri kesho.

Ukikwama kabisa na uko Tanga mjini pita kibandani, ila njoo na waya wako, wangu umeshaibwa mara mbili.